Bonde la Msimbazi: bustani iwekewe bikoni kabla viwanja havijauzwa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mkazi wa Kigogo hapa Dar tangu 1991, ni fundi cherehani, na cherehani yangu naiweka barazani upande unaotazama bonde la Msimbazi, kwahiyo hili bonde nimeliangalia miaka yote hii masika na kiangazi, nimeliona likiwa bustani za mchicha, nimeliona likijaa nyumba mpaka ukingoni mwa mto, nimeliona likijaa maji mpaka kwenye paa za hizo nyumba, na sa hivi naliona tupu, nyumba zimevunjwa, kumebaki vifusi na misingi na mwembe mmoja umesimama peke yake katikati ya mahali palipokuwa ua wa mtu.

Wanaopita barazani kila mtu ana lake. Wengine wanasema pale yanajengwa maghorofa ya kuuza, wengine wanasema hapana, inawekwa bustani kubwa ya jiji watu wapumzike. Nimeuliza serikali ya mtaa, nimekaa kwenye mikutano, na jibu nililolipata ni kwamba wote wako sawa, vyote viwili vimo kwenye mpango, na hapo ndo kwenye hoja yangu.

Kwa wasiofuatilia nieleze kidogo. Kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Hispania na Uholanzi nao wameweka hela zao. Mto unachimbwa na kupanuliwa ili maji yapite vizuri, pale Jangwani linajengwa daraja refu barabara isifungwe tena kila mvua ikinyesha, depo ya mwendokasi inahamishwa, na waliokuwa wanaishi mabondeni wanalipwa fidia wahame. Alafu ule udongo unaochimbwa hautupwi, unatumika kuinua kingo za bonde huku na huku mpaka ziwe juu ya kimo cha mafuriko, na juu ya hizo kingo ndo kunatakiwa viwe viwanja vya majengo. Chini katikati, ambako maji lazima yapewe njia yake, hakujengwi nyumba ya mtu, kunakuwa majani, miti, viwanja vya michezo, njia za kutembea kwa miguu, na kule mdomoni mto unapoingia baharini karibu na daraja la Salenda, mikoko inatunzwa.

Mpango ni mzuri. Nasema kwa moyo wangu wote, tangu nizaliwe sijawahi kusikia mpango wa jiji hili unaomfikiria mtoto wa Kigogo au Mchikichini au Hananasif kwamba na yeye anahitaji mahali pa kukimbia. Ndo maana naogopa, maana kitu kizuri hivi ukikipoteza hukipati mara ya pili.

Ninachoogopa ni hiki. Kile kiwanja cha juu kwenye kingo kitakuwa na namba, kitakuwa na bikoni nne, yani yale mawe ya mipaka, kitakuwa na hati, kitakuwa na mtu au kampuni iliyotoa hela yake na iko tayari kwenda mahakamani kukitetea hata miaka kumi. Bustani ya chini itakuwa na nini? Mi nimeiona kwenye ramani, ni rangi ya kijani. Sikuona namba yake, na nilipouliza kwenye mkutano hati ya hii sehemu ya kijani itaandikwa jina la nani nikaambiwa swali zuri mama, litafanyiwa kazi. Hiyo imeshapita muda sasa.

Sisemi kwa kubahatisha, nimeshaona inavyokuwa. Mtaa niliokulia, sitautaja, tulikuwa na eneo la wazi, kubwa tu, wavulana wanacheza chandimu upande huu sisi tunacheza rede na kombolela upande wa kule, wazee wamekaa chini ya mkungu wanacheza bao, na siku ya harusi maturubai yanafungwa palepale. Hakuna aliyekuja siku moja akasema nalichukua hili eneo, hapana, ingekuwa hivyo watu wangepiga kelele. Kwanza lilikuja kontena moja la mkaa pembeni, tukasema mtu anatafuta riziki. Likaja la pili. Akaja mtu anapaki malori yake usiku, alafu akaweka mlinzi wa kulinda malori, mlinzi akajengewa kibanda, kibanda kikavutiwa umeme, ikawa gereji, gereji ikazungushiwa mabati kwasababu ya wezi, na mabati yakaja kuwa ukuta wa tofali. Miaka kama saba hivi. Watu wa mtaa tulipoamka kwenda kuuliza tukaonyeshwa karatasi, na mkungu ulishakatwa. Wadogo zangu wa mwisho hawaamini nikiwaambia pale ndani ya ule ukuta ndo nilijifunza kuendesha baiskeli.

Na hata vile vya kihistoria havikupona. Ile bustani ya mimea pale mjini, Botaniko, Wajerumani waliianzisha 1893, ina umri kuliko sisi wote, lakini leo nenda kaangalie kilichobaki, ni kipande kidogo kimebanwa na majengo, kila zama imemega upande wake, na wengi wa Dar hawajawahi kuingia wala hawajui kama ipo. Coco Beach ndo usiseme. Ufukwe ambao jiji zima linautegemea, mgogoro wake na mwekezaji ulifika mpaka mahakamani, watu tumekaa roho juu miaka tukisubiri kujua kama tutaendelea kuingia au tutakuta geti. Na hiyo ni sehemu inayojulikana na nchi nzima, hata mgeni wa mkoani akishuka stendi anataka apelekwe akale mihogo ya Coco. Sasa kama Coco ilifika huko, hii bustani yetu ya bondeni ambayo hata jina bado haina, itatetewa na nani?

Sheria ipo, najua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari au ziwa, na sisi wa mabondeni hiyo mita 60 tunaifahamu vizuri maana ndo iliyotubomolea, ile X nyekundu ukutani ilikuja na hesabu hiyohiyo. Sawa. Lakini tembea pembeni ya bahari kuanzia Msasani mpaka Kunduchi uhesabu ni sehemu ngapi mwananchi wa kawaida anaweza kushuka mpaka kwenye maji bila kupita kwenye geti la mtu, hoteli, ukuta, nyumba, ukuta, hoteli, kichochoro, ukuta. Mita 60 kwa mnyonge ilipimwa kwa futi kamba. Nataka ipimwe hivyohivyo kwa atakayenunua kiwanja cha juu kwenye kingo.

Niruhusu nisimulie sikukuu yetu ilivyo, maana najua wengine wanaopanga haya mambo wana magari na wana uanachama wa klabu na hawajui. Idi iliyopita niliwachukua wajukuu wangu wanne pamoja na wawili wa jirani, wamevaa nguo nilizowashonea mwenyewe, tukatoka saa nane tuwahi Coco. Daladala mbili, zimejaa, mdogo nimempakata, tumefika saa kumi kasoro. Pale Coco siku ya Idi ni watu mpaka huoni mchanga, watoto wanapotea spika zinawatangaza, foleni ya choo ni ndefu na choo ni cha kulipia, kivuli hakuna, ile minazi michache na miti ya barabarani kila shina lina familia imeshatandika kanga tangu asubuhi. Watoto walifurahi, sikatai, waliingia maji, walikula mihogo na pilipili, yule mkubwa akataka twende tukapige picha daraja la Tanzanite. Lakini kurudi, Mhariri, tulifika nyumbani saa nne usiku, nimembeba mmoja mgongoni na mwingine amelala begani kwa jirani yake, na hela niliyotumia kwa nauli na maji na choo ni ya kushona gauni zima. Kwahiyo tunaenda mara mbili kwa mwaka, Idi mbili basi. Siku zingine zote mia tatu na sitini na kitu wajukuu wangu wanacheza barabarani, bodaboda na bajaji zinapita katikati yao, na mpira ukidondokea mtaroni wanaufuata kwenye maji machafu.

Na bonde liko hapa, dakika tano kwa miguu.

Hicho ndo kitu ambacho naomba watu wakielewe. Jiji hili lilihesabiwa watu milioni 4.36 mwaka 2012, ikafika 2022 tukahesabiwa milioni 5.38, yani milioni moja imeongezeka kwenye miaka kumi, na hao hawakuja na viwanja vyao vya kuchezea, wamekuja kubanana hapahapa. Ukitaka kuwapa bahari wote haiwezekani, bahari iko upande mmoja na wengi wetu hatuko upande huo. Lakini mto umepita katikati yetu. Unatoka huko milima ya Pugu Kisarawe, unapita Vingunguti, unapita Tabata, unakuja Kigogo, Magomeni, Jangwani, ndo unamwaga baharini. Huo ndo ufukwe wetu sisi. Tumeuona miaka yote kama jalala na kama adui, na umeua watu kweli, Desemba 2011 walikufa zaidi ya 40 na walionusurika wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza maisha upya na hema, mi mwenyewe usiku ule nilikaa na familia mbili chumbani kwangu mpaka asubuhi tunasikia watu wanaita majina ya watoto wao kule gizani, hiyo sauti bado ninayo.

Kwahiyo isije ikafika siku mtu akasema kale ka sehemu ka bustani ni ka starehe tu, tukapunguze kidogo tuongeze viwanja, tupate hela. Ile bustani ni njia ya maji. Majani yanakunywa maji, uwanja wa mpira unaweza kufurika siku mbili ukakauka siku ya tatu vijana wakarudi kucheza, hakuna aliyekufa, hakuna godoro lililooza. Weka ghorofa au pakingi ya zege palepale, yale maji hayatakata tamaa yakarudi Pugu, yataenda kumtafuta aliye chini zaidi. Wazee waliokuwa wanalima mchicha hapo bondeni walikuwa wanajua, masika ikikaribia wanavuna wanapanda juu na majembe yao, wanarudi mwezi wa sita wanakuta mto umewaletea udongo mpya mweusi.

Sipingi maghorofa, niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Vijana wetu wanahitaji nyumba karibu na mjini, na hizo hela za viwanja zikisimamiwa vizuri ndo zitakazolipa watu wa kufyeka majani na kuzoa taka bustanini, maana tunajua vitu vinavyozinduliwa kwa ngoma alafu mwaka wa pili taa zimeibiwa na mabomba yamekauka kwasababu hakuna fungu la kuvitunza. Mi nachoomba ni utaratibu wa nini kinaanza. Bustani ianze. Ipimwe, iwekewe bikoni zake, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali kama eneo la umma, ipewe hati kwa jina la mamlaka ambayo tunaweza kuishika shati, na kwenye hiyo hati iandikwe haibadilishwi matumizi kimyakimya na kikao cha watu sita. Hayo yakishakamilika ndo kiwanja cha kwanza cha juu kitangazwe. Ikianza kinyume chake, yani maghorofa kwanza na bustani baadaye kama hela ikibaki, hela haitabaki, na mwenye ghorofa ataiona ile sehemu ya chini kama uwanja wake wa nyuma.

Kuna hili pia la njia. Ukijenga maghorofa pande zote mbili juu ya kingo yakashikana, umeweka ukuta, hata kama bustani ni ya bure sisi tutaingilia wapi? Kila baada ya majengo machache iachwe njia pana ya watu wa mtaa kushuka, sio kichochoro cha kukabwa, njia yenye taa, na isiwe na geti. Nimewahi kuona mahali kwenye jiji hilihili njia ya umma ya kwenda baharini inawekewa mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani. Unaenda kwa bahari, unamjibu nini tena.

Na tafadhali kaka zangu mainjinia, kivuli. Jua la Dar sio la kwenye michoro. Nimeona bustani nyingi za siku hizi ni vigae na minazi ya mapambo, inapendeza kupiga picha za harusi, saa sita mchana hakuna kiumbe. Pandeni mikungu, miembe, miarobaini, mti ambao bibi anaweza kukaa chini yake na mkeka akisubiri wajukuu. Wekeni bomba la maji ya kunywa na vyoo vya bure vinavyosafishwa. Wekeni taa za kutosha, maana binti yangu anakimbia na klabu yao ya joging alfajiri, wanakimbilia barabara kuu kwenye malori kwasababu ndo penye mwanga, akisema bonde zamani tulikuwa tunamkatalia kabisa na hata sasa nitamkatalia kama patakuwa giza.

Wauza mihogo na wauza kahawa nao wapewe sehemu tangu kwenye mchoro wasije wakawa watu wa kufukuzwa na mgambo kila asubuhi. Zanzibar wameweza, Forodhani ilikarabatiwa na Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, ukuta wa bahari ukatengenezwa, majani na taa vikawekwa, na wale wa urojo na mishikaki na juisi ya miwa hawakufutwa, wana sehemu yao wanapanga meza zao jioni, na kuingia hulipi. Nilipelekwa na wifi yangu, nikakaa kwenye benchi mpaka saa tatu usiku, watoto wa pale wanajirusha baharini kutoka ukutani, watalii na wenyeji wote wamekaa majani yaleyale. Nikawa nafikiria Kigogo tu.

Mwisho kuna wenzetu waliohama. Jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na tisa, sasa yuko Chanika, mwingine Mbagala, mwingine amerudi kwao Rufiji. Walikubali kutoka, wengine kwa machungu kwasababu fidia haikulingana na walichojenga, na walichoambiwa ni kwamba wanapisha mto na wanapisha bustani ya watu wote. Yule wa Chanika ananipigia simu karibu kila wiki, ananiuliza wameshaanza kupanda miti? Namwambia bado. Hajawahi kuniuliza habari za maghorofa.

Kwahiyo ombi langu kwa watu wa mradi na wa wizara na wa jiji, ramani ya mwisho yenye mipaka ya bustani, na vipimo vyake kwa hekta, ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa zote zinazopakana na bonde, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, na iandikwe hatua ya hati imefikia wapi. Ofisi yetu inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitakuwa napita pale kila Jumatatu kabla sijafungua cherehani, nitaangalia ubaoni.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam